Kutoka Rilei hadi Maikrokontrola: Mashine ya Gololi kama Kifaa cha Kufundishia Fizikia katika Shule za Karagwe na Kyerwa

UTANGULIZI

Miongoni mwa mada za fizikia ambazo wanafunzi wetu wa sekondari huzikariri sana na kuzielewa kidogo ni mada ya sumaku-umeme. Mwanafunzi aweza kuchora koili, chuma chake cha ndani na betri bila kukosea mstari hata mmoja. Aweza pia kueleza kwamba mkondo upitapo katika waya ule, chuma hugeuka kuwa sumaku, na mkondo ukatikapo, usumaku hutoweka. Lakini akiulizwa sumaku hiyo hufanya kazi gani, mara nyingi jibu lake huishia kwenye kengele ya mlangoni, kifaa ambacho nyumba nyingi za Kaisho, Nkwenda au Nyaishozi hazina. Na hapo baadaye akutanapo na kompyuta, huiona kuwa ni jambo jingine kabisa lisilo na udugu wowote na ile koili aliyoichora.

Makala hii yakusudia kuwaonyesha walimu njia moja ya kuziunganisha mada hizo mbili. Njia yenyewe ni kuchukua mashine ya zamani iliyoendeshwa kwa koili na rilei, kuielewa kiungo kwa kiungo, kisha kuitia maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo katika kipande kimoja, ili ifanye kazi iliyokuwa ikifanywa na rilei hizo. Mashine tuliyoichagua ni mashine ya mchezo wa gololi, ile ijulikanayo huko Marekani kwa jina la pinboli.

Twajua kwamba mashine hizo si mali ya shule zetu, wala hatutazamii kwamba shule yoyote itainunua. Lakini kanuni zake zote zaweza kujengwa juu ya ubao wa mninga au wa msonobari kwa vifaa vinavyopatikana kwa mafundi wa umeme wa magari wa Kayanga na Omurushaka. Tena wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa wilaya moja ya Karagwe hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012, si ngeni kwa elimu ya mikono. Ufalme wa Karagwe, uliokuwa na makao yake Bweranyange, ulisifika kwa ufuaji wa chuma, na nyundo na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma zilikuwa miongoni mwa vitu vitukufu vya mfalme. Na katika miaka ya 1990 shirika la KARADEA liliendesha hapa hapa Karagwe kituo cha kuwafunza mafundi umeme wa jua, waliotoka Tanzania na nchi jirani. Hapana sababu basi ya kufikiri kwamba somo la namna hii ni la mijini tu.

Jambo hili lina uzito wa pekee wakati huu. Mtaala mpya, ulioanza kutumika mwaka 2024, umeuweka mkondo wa amali ndani ya shule ya sekondari kando ya mkondo wa jumla. Lakini amali inayofundishwa kwa chaki peke yake haitofautiani na nadharia ila kwa jina. Mwalimu asiyekuwa na karakana yampasa atafute kazi ya mikono ambayo shule yake yaweza kuimudu.

ASILI YA MASHINE NA BADILIKO LA 1974

Viwanda vikubwa vya mashine za gololi, yaani Gottlieb, Williams na Bally, vilikuwa katika mji wa Chicago. Mwaka 1947 kiwanda cha Gottlieb kilitoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, ambayo ilikuwa na vibao vidogo vinavyopigwa kwa nguvu ya koili ili kuirudisha gololi juu kila inapoteremka. Tangu hapo mchezaji aliacha kuwa mtazamaji wa bahati yake, akawa na namna ya kuiongoza gololi. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata, mashine hizo zilihesabu alama, zikakumbuka zamu ya mchezaji na zikatoa adhabu kwa anayezitikisa, bila ya kuwa na transista moja ya kufanya uamuzi. Kazi yote ilifanywa na rilei, koili, magurudumu ya meno na mota moja inayozunguka polepole.

Mwaka 1971 kampuni ya Intel ilitoa kichakato chake cha kwanza kilichomo katika kipande kimoja, kilichoitwa 4004, chenye transista 2,300. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, Dave Nutting na Jeff Frederiksen wa mji wa Milwaukee waliichukua mashine ya Bally iitwayo Flicker, wakaondoa rilei zake na kutia kichakato hicho mahali pake. Ubao, gololi, koili na swichi vilibaki. Kilichobadilika ni ubongo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 viwanda vilikuwa vimehamia katika elektroniki.

Kwa hiyo mtu anayeitia leo mashine ya zamani maikrokontrola kama ile ya Arduino, iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, anairudia kazi ya 1974. Nasi twataka mwanafunzi airudie kwa sababu ndani yake umo mpito mzima kutoka mashine iliyoamua kwa vyuma hadi mashine inayoamua kwa maandishi.

VIUNGO VYA MASHINE YA ZAMANI

Kabla ya kubadili kitu yatupasa kukielewa. Kwa ajili ya kufundishia, tunaigawa mashine katika mafungu manne.

(a) Mteremko. Uso wa mashine huinamishwa kidogo tu. Katika mashine nyingi za zamani mwinamo ulikuwa kama digrii 3.5, na katika mashine za siku hizi ni kama digrii 6.5. Gololi ni ya chuma, yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80 hivi.

(b) Macho. Hizi ni swichi. Kila njia ipitayo gololi ina ulimi mdogo wa chuma unaogusana na mwenzake gololi inapopita au inapogonga. Swichi haijui mchezo. Inajua kugusa na kutogusa.

(c) Mikono. Hizi ni koili zenye chuma kinachovutwa ndani. Nyingine hupiga gololi, nyingine husukuma gurudumu la hesabu, nyingine hulia kengele. Ile ya kibao cha kupigia ina nyuzi mbili zilizosukwa pamoja: moja nene ya kupiga kwa nguvu, na moja nyembamba ndefu ya kushikilia. Kibao kinapofika mwisho wa safari yake hufungua swichi, na mkondo mkubwa hukatika, ukabaki ule mdogo. Bila ya swichi hiyo koili ingeungua kwa muda mfupi iwapo mchezaji angekishikilia kitufe.

(d) Kumbukumbu. Fungu hili ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Alama huhifadhiwa katika magurudumu yenye tarakimu 0 hadi 9. Kila pigo la koili husogeza gurudumu jino moja. Gurudumu la mamoja likiwa kwenye 9 hufunga swichi yake, na pigo linalofuata husogeza pia gurudumu la makumi. Mwalimu atatambua mara moja kwamba hilo ndilo somo la nafasi za tarakimu lifundishwalo shule ya msingi, ila hapa limeandikwa kwa chuma. Na mchezaji apatapo alama 50 kwa mara moja, mota ya alama huzungusha vitenge vyake na kutoa mapigo matano ya kumi kumi, kwa maana gurudumu haliwezi kuruka hatua.

Rilei nazo hukumbuka mambo ya ndiyo na siyo: je, mchezo umeanza? Je, mashine imetikiswa? Jinsi chuma kinavyoweza kukumbuka tutaiona hivi punde.

UBAO WA GOLOLI WA DARASANI

Vifaa. Ubao wa urefu wa sentimita 90 na upana wa 45, gololi ya chuma kutoka katika beringi kuukuu ya lori, misumari, mpira uliokatwa kutoka tyubu ya pikipiki, vipande vya bati na waya wa shaba kwa kutengenezea swichi, rilei tatu za gari za volti 12 zenye miguu mitano, kama zile za honi au za taa za mbele, balbu ndogo za volti 12, fyuzi, betri ya volti 12, ambayo yaweza kuwa ile ile inayochajiwa kwa paneli ya jua ya shule.

Somo la mteremko. Upande mmoja wa ubao uinuliwe sentimita 6. Wanafunzi wakokotoe muda ambao gololi itachukua kuteremka. Wengi watatumia kanuni ya kitu kinachoteleza bila msuguano, watapata mchapuko wa mita 0.65 kwa sekunde kwa sekunde, na muda wa sekunde 1.66. Kisha waachie gololi na kupima mara kumi. Watapata muda unaokaribia sekunde 2. Mwalimu asiwaeleze mara moja kwa nini. Awaulize: ile nguvu nyingine imekwenda wapi? Jibu ni kwamba gololi haitelezi bali inabiringika, na sehemu ya nishati yake imetumika kuizungusha. Kwa mpira mzima unaobiringika mchapuko ni tano-ya-saba, yaani 5/7, ya ule wa kuteleza: mita 0.47, na muda ni sekunde 1.96. Ubao ukiinuliwa sentimita 12, muda hauwi nusu bali kama sekunde 1.4. Mwanafunzi aliyekwisha kuona hayo kwa macho yake hatakubali tena kirahisi kwamba kanuni ya kitabu ni ya kukariri tu.

Rilei inayokumbuka. Rilei ya gari ina miguu yenye namba. Miguu 85 na 86 ni ya koili. Mguu 30 ni mlango wa kuingilia mkondo. Koili ikilala, 30 imegusana na 87a, na koili ikivuta, 30 huhama na kugusana na 87. Wanafunzi waunganishe kitufe kati ya chanya na mguu 86, na mguu 85 uende hasi. Wakibonyeza, rilei hulia tak, wakiachia, hulegea. Sasa waunganishe mguu 30 na chanya, na mguu 87 na mguu 86. Wakibonyeza safari hii na kuachia, rilei haitalegea, kwa kuwa inajilisha mkondo kupitia mguso wake yenyewe. Imekumbuka kwamba ilibonyezwa. Mwalimu aache kimya kidogo hapo, kwani wanafunzi wameona kumbukumbu ya kompyuta ikizaliwa mbele yao. Sehemu moja ya kumbukumbu, ile tunayoiandika 1 au 0, si kitu kingine ila hii.

Timazi. Ili kumzuia mchezaji anayeinua au kutikisa ubao, mafundi wa zamani walitumia kifaa ambacho kila mwashi wa Karagwe anakijua: timazi. Bolti huning'inizwa kwa waya katikati ya pete ya waya wa shaba. Ubao ukitikiswa, bolti hugusa pete na kuvuta rilei ya pili. Njia ya kujilisha ya rilei ya kwanza ipitishwe kwenye miguu 30 na 87a ya rilei hii ya pili. Timazi ikigusa, njia hukatika, kumbukumbu hufutika, na mchezo umekwisha.

Kwa rilei mbili tu darasa limekwisha kupata kumbukumbu na kanusho. Ya tatu itatumika kuonyesha kwamba miguso miwili ikifuatana katika njia moja ni neno «na», na miguso miwili ikiwa sambamba ni neno «au». Mashine nzima ya Chicago, yenye maelfu ya alama na kengele zake, ilijengwa kwa maneno hayo matatu: na, au, si.

KUTIA MAIKROKONTROLA

Kuna daraja tatu za kazi hii, nasi twashauri zifuatwe kwa utaratibu wake.

Daraja la kwanza ni kutazama. Maikrokontrola huunganishwa na swichi za ubao na kusoma tu gololi ilipopita, ikaandika alama, huku rilei zikiendelea kutawala mchezo. Daraja la pili ni kushirikiana. Maikrokontrola huamua, lakini huzipa amri rilei na koili zile zile za zamani. Daraja la tatu ni kuondoa rilei zote na kuweka transista. Hilo la tatu ndilo lililofanywa mwaka 1974, na ndilo linalowavutia vijana. Hata hivyo kwa matumizi ya shule twaona kwamba daraja la pili latosha. Mashine iliyofikia daraja la tatu hucheza vizuri, lakini mwanafunzi akiifungua hukuta kipande kimoja cheusi ambacho hakimwambii lolote. Ile ya daraja la pili huendelea kulia tak mbele yake kila amri inapotolewa.

Kazi yote ifanywe bila kukata waya wa zamani. Nyaya mpya ziingie kwa viunganishi vinavyochomoka, ili ubao uweze kurudishwa katika hali yake ya rilei wakati wowote. Sharti hili lawafaa pia wenye mashine halisi za zamani, kwani mashine iliyokatwa nyaya imepoteza ushahidi wa jinsi ilivyofikiriwa na walioiunda.

Katika kuunganisha, mambo manne yahitaji maelezo.

La kwanza ni nguvu. Koili ya rilei yenye ukinzani wa omu 80 huvuta ampea 0.15 kutoka volti 12. Pini moja ya Arduino ya kawaida hutoa volti 5 na haifai kutoa zaidi ya ampea 0.02. Yaani pini haiwezi kuivuta rilei hata kidogo. Yahitaji mtu wa kati. Mtu huyo ni transista, kama 2N2222, inayopewa mkondo mdogo kupitia rezista ya omu 470 na kuruhusu mkondo mkubwa kupita. Upande hasi wa betri na ule wa maikrokontrola sharti viunganishwe, la sivyo amri haitakuwa na njia ya kurudi.

La pili ni kishindo cha koili. Koili haipendi mkondo wake ukatwe ghafla. Uga wa sumaku unapoporomoka huzaa volti kubwa kinyume, nyingi kuliko zile 12 za betri, na zaweza kuua transista. Katika mashine ya zamani kishindo hiki kilionekana kama cheche ndogo ya buluu kwenye miguso. Dawa yake ni diodi, kama 1N4007, iwekwe sambamba na koili, upande wenye mstari ukielekea chanya. Hapa sheria ya Lenz, ambayo wanafunzi huiona kuwa sentensi ya mtihani, inageuka kuwa tofauti kati ya transista nzima na transista iliyokufa.

La tatu ni haraka. Ndimi mbili za bati zikigusana hazitulii mara moja, bali hurukaruka kwa milisekunde kadhaa. Rilei haikujali, kwa kuwa ni nzito na huchukua milisekunde kama 10 kuvuta. Maikrokontrola, inayohesabu mapigo milioni 16 kwa sekunde, huona mrukoruko huo kama gololi nyingi, na badala ya kuongeza 10 huongeza 70. Yapasa programu ifunzwe subira: ikiona mguso, isikubali mguso mwingine wa swichi hiyo mpaka zipite kama milisekunde 20. Lakini subira hiyo isiwe ya kusinzia. Gololi ifikapo chini ya ubao wetu ina kasi ya karibu mita 0.9 kwa sekunde, na ulimi wa sentimita 3 huupita kwa milisekunde 33 tu. Programu iliyosimamishwa kabisa ikisubiri swichi moja haitaiona gololi ipitapo kwenye nyingine. Kwa hiyo iandikwe ili iweke alama ya wakati na kuendelea kutazama.

La nne ni adhabu ya kosa. Programu ikikwama huku pini imewashwa, koili inayopiga gololi yaweza kubaki imevuta. Koili ya omu 2 kwa volti 12 huvuta ampea 6 na kutoa joto la wati 72, na kwa muda mfupi itatoa moshi. Katika mashine ya zamani usalama huu ulilindwa na swichi ya chuma; katika mpya unalindwa na sentensi ya programu, na sentensi yaweza kusahauliwa. Kwa hiyo kila koili kubwa ipewe fyuzi yake. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Fyuzi ni ule wembamba tuliouweka sisi wenyewe kwa makusudi, mahali tunapotaka kamba ikatikie.

Programu yenyewe, kabla ya kuandikwa kwa lugha ya mashine, iandikwe ubaoni kwa Kiswahili: «Kama swichi A imefungwa, na mchezo umeanza, na timazi haijagusa, ongeza 10.» Mwanafunzi aitwe aoneshe katika nyaya za rilei ni wapi kila neno la sentensi hiyo lilipo. Akiweza kuweka kidole juu ya neno «na», ameelewa.

MPANGILIO WA VIPINDI

Twapendekeza vipindi vinne vya dakika 80 kila kimoja, kwa Kidato cha Tatu au cha Nne.

Kipindi cha kwanza hakihitaji kifaa chochote. Wanafunzi kumi husimama kwa mviringo kuwa gurudumu la mamoja, wengine kumi kuwa gurudumu la makumi. Mwalimu apigapo kofi, zamu huhama kwa mmoja. Aliye wa tisa huinua mkono, na mkono huo ukiwa juu, kofi linalofuata huhamisha magurudumu yote mawili. Baada ya makofi 25 darasa litamwona aliyesimama kwenye 2 na aliyesimama kwenye 5. Kisha mwalimu amwambie wa tisa asahau kuinua mkono, na darasa litafute mashine imekosea kwa kiasi gani. Huko kutafuta kosa ndiko kutakakowafaa zaidi hapo baadaye.

Kipindi cha pili ni cha mteremko na swichi. Kipindi cha tatu ni cha rilei na timazi. Kipindi cha nne ndicho pekee kinachohitaji maikrokontrola. Tumepanga hivyo kwa sababu ya hali ya shule zetu: kipande hicho hakiuzwi katika kila duka la wilaya, na shule yaweza kuwa nacho kimoja au kukiazima kwa shule jirani. Kikiungua, vipindi vitatu vimesimama imara na ubao ungali unacheza.

Katika kila kipindi mwalimu aharibu kitu kimoja kwa siri kabla ya wanafunzi kuingia: alegeze waya, ageuze mguu wa rilei, aweke fyuzi iliyokatika. Kikundi kisiulizwe tu «kwa nini haifanyi kazi?» bali «mmejuaje kwamba si betri? Mmejuaje kwamba si swichi?» Fundi hujulikana kwa mpangilio wa maswali yake.

Lugha nayo itazamwe. Masomo ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lakini hapana ubaya vikundi vikijadiliana kwa Kiswahili, au hata kwa Kinyambo, wakati mikono iko kazini. Istilahi za mtihani zifuate baada ya kitu kueleweka. Na katika kugawa kazi, wasichana wasifanywe makarani wa vikundi. Bisibisi na maltimita vizunguke kwa zamu.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Umeme wa nyumbani wa volti 230 usitumike kabisa katika kazi hii. Mashine halisi za zamani zina transfoma ndani, na kuzifungua zikiwa zimechomekwa ni hatari ya kifo. Betri ya volti 12 haiumizi kwa kuguswa, lakini spana ikiangukia ncha zake mbili yaweza kuyeyuka na kuunguza. Kwa hiyo fyuzi ya kwanza iwe karibu kabisa na ncha chanya.

Jambo la pili si la umeme. Mzazi atakayesikia kwamba shuleni kuna mashine yenye taa na alama atafikiri mara moja juu ya dubwi, zile mashine za kubahatisha zilizoingia hata katika vituo vidogo vya vijijini na kumeza sarafu za vijana. Wasiwasi wake una haki. Huko New York mashine za gololi zilipigwa marufuku mwaka 1942 kwa sababu hiyo hiyo, na marufuku hiyo ilidumu hadi mwaka 1976, pale Roger Sharpe alipocheza mbele ya wajumbe wa halmashauri ya jiji na kuwaonyesha kwamba mchezaji aweza kuitaja njia ambayo gololi itapita kabla ya kuipiga. Twashauri mwalimu asimkwepe mzazi, bali amwite. Ubao wa shule usiwe na mahali pa kutia sarafu, na wanafunzi wenyewe wamweleze mgeni tofauti: katika ubao huu kila waya waonekana, na anayecheza ndiye aliyeufunga. Katika dubwi, maikrokontrola ya namna ile ile imefichwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa ufunguo, na aliyeandika programu yake alikwisha kuamua, kabla ya sarafu ya kwanza kuingia, kwamba kwa jumla ya michezo mwenye mashine ndiye atakayefaidi. Kijana aliyekwisha kuandika mwenyewe sentensi ya «kama» na «basi» ataelewa neno hilo upesi kuliko kwa mahubiri.

HITIMISHO

Tumeona kwamba mashine ya mchezo yaweza kubeba mteremko, nishati, sumaku-umeme, hesabu za tarakimu, mantiki na programu katika ubao mmoja. Lakini shabaha yetu kuu si mchezo wala kipande kile cheusi. Vifaa vingi vinavyoingia Karagwe na Kyerwa leo, kuanzia vidhibiti vya paneli za jua hadi pikipiki mpya, vina maikrokontrola ndani yake. Vikiharibika, mara nyingi hutupwa, kwa kuwa aliyevinunua hana pa kuanzia. Mwanafunzi aliyeanza na rilei, akaisikia ikikumbuka, kisha akaihamishia kumbukumbu hiyo katika maandishi, anapo pa kuanzia: atauliza macho ya kifaa yako wapi, mikono yake iko wapi, na ni sentensi gani inayoviunganisha. Ndiyo maana twasisitiza rilei zitangulie na zibaki mahali pake hata maikrokontrola ikiisha kuingia.

Maswali ya kujadiliwa na walimu

1. Ni kifaa gani katika mazingira ya shule yako chenye rilei inayoweza kusikika ikivuta? Kwawezaje kutumiwa katika kipindi cha tatu?
2. Chora njia ya rilei inayojilisha yenyewe, kisha uiandike kama sentensi ya Kiswahili yenye maneno «au», «na» na «si».
3. Programu yaongeza alama 70 badala ya 10. Taja sababu mbili zinazowezekana, moja ya chuma na moja ya maandishi, na jinsi mwanafunzi atakavyozitenganisha.
4. Shule yako ina maikrokontrola moja na wanafunzi 60. Panga kipindi cha nne ili kila mwanafunzi aguse kazi.